Hifadhi za Tanga: wenyeji tunaziona kwenye kalenda tu

Leo siandiki siasa za Bunge wala bei ya mafuta. Nataka tuongelee hifadhi zetu, maana sisi vijana wa Handeni na Korogwe wengi tunazijua kwa kalenda ya ukutani.

Siku hizi ukitaja neno hifadhi hapa Handeni, mtu anawaza Msomera. Tangu Juni 2022 serikali imeleta huko familia kutoka Ngorongoro, kila kaya nyumba na shamba la heka 5. Serikali inasema wamehama kwa hiari, watetezi wa haki za binadamu wanabisha, na waliokuwepo Msomera kabla nao wakalalamikia ardhi yao. Mjadala mzito huo. Ila mimi unaniuma upande mwingine kabisa: kwetu hifadhi imekuwa habari ya kuhamishwa watu, sio sehemu ya kwenda Jumamosi na washkaji.

Na sehemu za kwenda tunazo! Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, wanyama wanafika mpaka ufukweni Bahari ya Hindi. Kipande chake kimoja kilikuwa ranchi ya Mkwaja, ng'ombe wa kampuni ya mkonge. Mkomazi ilipata hadhi hiyo 2008, iko Kilimanjaro na Tanga, ina faru weusi na mbwa mwitu. Kiingilio sio ishu, Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni. Kinachoua ni gari. Simba hawaruhusu mtu kutembea na ndala, kwa hiyo lazima ukodi, na pesa ya kukodi Land Cruiser kijana wa mkonge ataitoa wapi? Wakubwa wanahimiza utalii wa ndani kwenye TV, usafiri hawautaji.

Ndio maana kura yangu naipa Amani. Hii ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, 1997, ipo Muheza na kipande Korogwe, chini ya TFS. Pale unatembea kwa miguu na mwongozaji. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea 1902, na nyumba ya msimamizi wa stesheni ya reli yao bado ipo pale Sigi. Halafu kuna kiua kidogo cha zambarau. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwao miaka ya 1890, leo kinauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani nzima. Huku kwao porini kinapungua kwa sababu misitu inakatwa. Bibi wa Berlin anakimwagilia dirishani, mtoto wa Korogwe hajawahi kukiona!

Mimi nimemaliza fomu foo bila kupelekwa msituni hata siku moja. Baiolojia tulichora majani ubaoni, na milima ya Usambara tunaiona dirishani. Jamani!

Halmashauri zetu zinaweza kuanza na basi moja la wanafunzi, Jumamosi moja kwa mwezi, Segera, Muheza mpaka Sigi. Hiyo haihitaji mfadhili. Na wewe uliyefika Amani karibuni, tuandikie kwenye maoni hapo chini nauli kutoka Muheza ni shilingi ngapi na gari linaondoka saa ngapi, watu tujipange.