Magendo ya kahawa huanza Januari

NENO LA WIKI
Na Kamugisha Rwezaura

Msimu wa kahawa ukishafunguliwa, habari za kutoka Kyerwa hufanana kila mwaka. Magunia yamekamatwa usiku kandokando ya Mto Kagera, mtumbwi umezuiliwa, vijana wako mahabusu. Wiki inayofuata mtumbwi mwingine unavuka kwenda Uganda.

Siwalaumu askari wa doria. Mto ni mrefu, njia za panya ni nyingi, na wao ni wachache. Swali langu ni hili: kahawa ile ilimtokaje mkulima?

Karagwe na Kyerwa nzima inajua jibu: butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Januari mtoto anatakiwa shuleni. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa, lakini sare, madaftari na godoro la bweni vinanunuliwa. Kahawa ingali mbichi mtini, chama cha msingi hakina cha kumkopesha, benki inataka dhamana. Hapo anafika mtu mwenye fedha mkononi, anazunguka kibanja, anaitazama mibuni, anataja bei yake. Mwenye shida hana pa kubishia. Mavuno yakifika, kahawa si yake tena, na aliyeinunua nje ya ushirika ataitoa kwa siri. Yule kijana wa mtumbwi ni kibarua tu. Biashara yenyewe ilimalizika miezi mingi nyuma, mchana kweupe, chini ya migomba.

Kutafuta chanzo namna hii si wazo jipya. Mwaka 1979 Herman Goldstein, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliandika makala iliyobadili fikra za polisi wengi. Aliifungua na kisa cha mabasi ya Uingereza yaliyopita vituoni bila kupakia abiria, kwa maelezo kwamba dereva akisimama kuwachukua hataweza kufuata ratiba. Alikuwa akiwasema polisi: wanashughulika na utaratibu wa kazi hadi wanasahau kazi ilikuwa ya nini. Akashauri matukio yanayojirudia yachunguzwe kama tatizo moja, chanzo kitafutwe, na dawa isiwe lazima pingu.

Nyenzo za kufanya hivyo tunazo. Tangu Polisi Jamii ilipoanza mwaka 2006, enzi za IGP Said Mwema, tumezoea kusikia kwamba askari wa kata ni mtu wa kukaa na wananchi. Basi akae nao Januari. Aulize ni kaya ngapi za kijiji zimeuza butura, kwa shida ipi, kwa bei gani. Mkulima atakayesema asishtakiwe, la sivyo hakuna atakayefungua kinywa. Mkuu wa Polisi wa Wilaya aipeleke hesabu hiyo kwenye Kamati ya Usalama, na afisa ushirika aitwe kuijibu. Hapo ndipo vyama vya msingi na chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, viulizwe kuhusu mkopo mdogo wa Januari, unaokatwa kahawa ikiuzwa.

Minada ya miaka ya karibuni imeleta ushindani wa bei, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mnada haumsaidii aliyekwisha kuuza kahawa ikiwa ua.

Ichaguliwe kata moja ya mpakani, tuseme Murongo. Mkopo utolewe kabla shule hazijafunguliwa. Msimu ukiisha, ihesabiwe kahawa iliyopokelewa ghalani, ilinganishwe na ya mwaka uliotangulia, na hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji, askari wa kata akiwepo.