Mama Mondo na Mama Tembo

Watoto wetu walikuja na swali la shule: eti mondo na tembo wanafanana nini? Kitabu chao kilisema wote wawili ni wanyama wanaonyonyesha. Watoto walicheka sana, maana mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na madoadoa, hafikishi hata kilo 20, na tembo jike hupita tani mbili. Sisi tulianza kulinganisha malezi yao, na kicheko kikatuisha.

Mondo hubeba mimba siku 70 hivi, akazaa watoto wawili au watatu, macho yamefumba, kila mmoja robo kilo tu. Huwaficha kwenye majani marefu akaenda kuwinda panya peke yake. Akihisi hatari, huwahamisha mmoja mmoja kwa mdomo. Baba hasaidii lolote (baadhi yetu tutasema hilo si geni). Kabla ya mwaka kwisha, watoto wanajitegemea.

Tembo hubeba mimba miezi 22. Nasi tunalalamika mwezi wa nane! Huzaa ndama mmoja wa kilo 100 hivi, ambaye hunyonya kwa mdomo, si kwa mkonga, na matiti ya mama yake ni mawili, yako kifuani kama yetu. Hunyonya kwa miaka. Lakini mama tembo hayuko peke yake. Yupo mama yake, wapo dada zake, na majike wadogo ambao hawajazaa humkimbilia ndama akilia. Anayeongoza wote ni bibi.

Mwaka 1993 ukame ulipiga Tarangire, kaskazini mwa Tanzania. Katika miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walikufa. Makundi yaliyotoka hifadhini kutafuta maji na malisho kwingine yalipoteza wachache kuliko kundi lililobaki. Hilo lililobaki ndilo lililokuwa limeuliwa wazee wengi na majangili katika miaka ya 1970 na 1980. Watafiti wanadhani wale bibi wa makundi mengine walikumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, na njia waliyopitishwa wakiwa wadogo.

Wengi wetu mjini tunalea kama mondo: chumba cha kupanga, baba yuko kazini, mtoto anachemka usiku, wa kuuliza hayupo. Ila mondo ana mwaka mmoja tu wa kazi hiyo. Mwenzetu mmoja alimnyima maji mtoto aliyeharisha, akidhani yatamzidishia, hadi macho yakaingia ndani. Bahati mama mkwe alikuwa amefika jioni hiyo. Alichanganya maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko mpaka alfajiri, kisha wakampeleka zahanati.

Mama mkwe huyo bado yupo, mwezi wa tatu sasa. Chumba ni kile kile kimoja. Wametundika pazia katikati.