Vijana wa Kigoma, Jifunzeni Kijapani na Kiha Msikiache

Ndugu zangu wa Kigoma, na hasa ninyi vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji mnaojifunza Kijapani kwa simu zenu, nina neno nanyi. Nawapongeza. Kujifunza lugha ya watu walio mbali, wasio majirani wala watawala wetu wa zamani, ni kazi ya heshima. Lakini pembeni mwenu kuna maneno yanayosemwa, na yasipojibiwa yatawaharibu.

Baadhi ya wazee husema kijana anayehangaika na lugha ya mbali kiasi hicho ameukana ukoo wake, kisha huongeza methali: mwacha asili ni mtumwa. Upande wa pili wapo wazazi waliosoma, wenye nyumba nzuri na nia njema, wanaomkataza mtoto Kiha nyumbani wakihofia kwamba kitamharibia Kiingereza. Wazee na wazazi hao hudhani wanapingana, kumbe wazo lao ni moja: lugha mpya haiingii mpaka ya zamani itoke. Nasema wamekosea wote, na shahidi wangu ni ufuko huu tunaoishi.

Nendeni mwaloni Kibirizi asubuhi, dagaa wanaposhushwa. Mama muuza dagaa humsalimu jirani yake kwa Kiha, akapatana bei na mteja kutoka Uvira kwa Kiswahili cha Kikongo, akamjibu Mrundi naye akaelewa, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Akirudi nyumbani humsaidia mwanawe hesabu kwa Kiswahili cha shuleni. Mama huyo hajapewa cheti cha lugha hata kimoja, wala hajawahi kulalamika kwamba zinamsonga kichwani. Ujiji nako, mji wa Waha, Wamanyema waliovuka ziwa, Waholoholo wenye ndugu ng'ambo zote mbili, Waarabu na watu wa pwani, umekuwa mji wa Kiswahili zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, na Kiha hakikufa kwa ajili hiyo.

Mmoja wa waliotia mguu Ujiji mwaka 1858 alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na huko utumwani akajifunza Kihindustani. Akarudi Afrika Mashariki akiwa mtu huru. Wasafiri Waingereza, Burton na Speke, walipofika ziwani, Speke hakuwa na Kiswahili wala Kiarabu. Alichokuwa nacho ni Kihindustani cha jeshini India, kwa hiyo kila alilotaka kumwambia mtu wa huku lilipita kinywani mwa Bombay. Baadaye Stanley alimhitaji Bombay mwaka 1871, na Cameron akamhitaji alipolivuka bara zima. Wasafiri hao wameandikiwa vitabu vingi, na Ujiji tuna jumba la makumbusho kwa ajili ya Livingstone. Mkalimani tumemsahau. Mimi naona watoto wa shule za Ujiji wangefundishwa habari zake kwanza, kwa sababu hali yake ndiyo iliyo karibu na yao: mtu aliyekuwa na lugha kadhaa.

Sasa nije kwa Wajapani wenyewe. Mwaka 1965 kijana Toshisada Nishida, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alifika Kasoge chini ya milima ya Mahale kuchunguza sokwe mtu. Nishida alikaa na Watongwe, watu wa milima hiyo, akaongea nao Kiswahili, na Kitongwe akakisikiliza kwa makini, kwa sababu wenyeji ndio waliojua kila mti na nani anakula tunda lake. Mwaka 1981 yeye na mwenzake Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Utafiti wa Mahale umeendelea tangu siku zile mpaka leo, na mwaka 1985 milima ile ikawa Hifadhi ya Taifa.

Mwenzao mwingine, Makoto Kakeya, alikuja miaka ya 1970 kuishi na Watongwe. Alijifunza uganga wao mpaka wakamwingiza rasmi katika kazi hiyo. Naye Shunya Hino alikaa Ujiji, akaandika juu ya mitaa yetu, kazi za watu wetu na hata mavazi yetu, na baadhi ya maandishi yake yakatoka mwaka 1968. Kiswahili leo ni somo la shahada katika Chuo Kikuu cha Osaka. Kuna vijana wa Kijapani wanaokijua Kiswahili sanifu kuliko baadhi ya wanafunzi wetu wa kidato cha nne, nami sioni aibu kulisema, maana aibu hiyo inaondoleka kwa kusoma.

Je, watu hawa walikuwa Wajapani pungufu kwa kujifunza Kitongwe? Kakeya alirudi kwao akawa profesa, akaandika Kijapani kizuri kuhusu watu aliowapenda. Basi wazee wangu, methali yenu ni ya kweli ila mmeielekeza pasipo pake. Aliyeacha asili ni yule aliyeitupa. Aliyejifunza ya wenzake huku yake angali nayo hakuacha kitu.

Na hapa ndipo ilipo hoja yangu kubwa. Sehemu ya maarifa waliyoyakusanya Wajapani hao imeandikwa kwa Kiingereza, lakini sehemu nyingine ipo katika vitabu vya Kijapani. Watongwe wengi waliondolewa milimani miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, wakachanganyika na Waha na watu waliovuka kutoka Kongo, na watoto wao wengi sasa wanakua na Kiswahili peke yake. Mjukuu wa mzee aliyemtajia Mjapani jina la mti hana tena jina hilo kinywani. Limehifadhiwa kwenye karatasi huko Kyoto. Sitaki kumlaumu aliyeliandika. Nashukuru kwamba aliliandika. Lakini ni juu yetu kwenda kulichukua, na yale yaliyoandikwa kwa Kijapani hakuna atakayeyaleta nyumbani ikiwa hatuna mtu wa kuyasoma.

Msidanganywe kwamba lugha hiyo hamuiwezi. Ina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo uliokuzwa na Kiswahili hauoni taabu kubwa. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wanaokataza Kiha hawalijui. Katika Kijapani, kuvuta irabu au kuikata hubadilisha neno, na kupanda na kushuka kwa sauti nako huweza kutenganisha maneno mawili. Kiswahili hakitegemei sauti ya juu na ya chini kutofautisha maneno. Kiha kinategemea, tena kina irabu fupi na ndefu kama Kijapani. Kwa hiyo mtoto wa Kasulu aliyelelewa kwa Kiha ana sikio ambalo mtoto wa mjini mwenye Kiswahili peke yake itambidi alitafute ukubwani. Mzazi anayemnyima mwanawe Kiha ili awe hodari wa lugha za kigeni anampunguzia silaha.

Ugumu upo, nao uko kwenye maandishi. Kijapani kina aina mbili za herufi za silabi, ambazo mwenye bidii atazimaliza kwa wiki chache. Juu ya hizo kuna alama zilizotoka Uchina, na orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina alama 2,136. Mtoto wa Kijapani mwenyewe hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi, na zilizobaki baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba kwa miezi mitatu utakuwa umekimaliza Kijapani na kazi utaipata Tokyo, usimpe pesa yako. Mitihani ya lugha hiyo ina ngazi tano, na hakuna anayeruka kutoka ya chini hadi ya juu kwa maneno ya dalali.

Wenye nia ya kweli wana njia. Idhaa ya Kiswahili ya NHK hutoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, bila malipo. Serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo, na Watanzania huupata. Jisomeeni kila siku kwa kiasi. Kila neno jipya la Kijapani mnaloandika daftarini, andikeni kando yake la Kiswahili na la Kiha au Kitongwe. Lile la nyumbani likiwashinda, msikimbilie simu. Nendeni kwa bibi mkamuulize angali hai.

Nanyi wazazi, acheni kumwadhibu mtoto kwa sababu amesalimia kwa Kiha. Walimu, waiteni Wabembe na Warundi walio darasani wawafundishe wenzao salamu zao. Viongozi wa mkoa, waandikieni Kyoto mwombe nakala za maandishi yote ya Ujiji na Mahale ziwekwe hapa Kigoma, mahali ambapo mwenyeji anaweza kuingia na kusoma. Vitabu hivyo vitahitaji kutafsiriwa, na si kila mtafsiri atafaa. Atakayefaa ni mtu wa ufuko huu mwenye Kijapani cha kusoma, Kiswahili cha kuandika, na Kitongwe au Kiha alichopewa na mama yake. Kazi hiyo iko wazi.