Mistari ya chati haitakununulia nyumba Kitisuru

Siku hizi ukifungua TikTok hukosi kuona kijana mwenzako amesimama mbele ya geti kubwa la Kitisuru, simu mkononi, akikueleza vile kusoma chati za hisa kulimtoa mtaani. Anachora mistari miwili juu ya mishumaa ya kijani na nyekundu, kisha anakwambia: bei ikigusa hapa, nunua; ikifika pale, uza. Mwisho wa video kuna namba ya kulipia kozi.

Kama mistari hiyo inalipa hivyo, mbona bado anahitaji pesa zako?

Sisemi kusoma chati ni uchawi. Ni elimu ya miaka mingi. Mwaka wa 1948 Wamarekani Robert Edwards na John Magee walichapisha kitabu kilichoeneza maumbo kama "kichwa na mabega". Mwaka wa 2000 msomi Andrew Lo na wenzake waliyapima maumbo hayo kwa kompyuta katika hisa za Marekani, wakaona baadhi yana habari fulani ya kusaidia. Lakini habari ni kitu kimoja, na faida inayobaki mfukoni baada ya kulipa ada ni kitu kingine.

Hapa kwetu mambo ni magumu zaidi. Soko la Hisa la Nairobi (NSE), lenye makao Westlands, si mbali na Kitisuru, lina kampuni zipatazo 60 tu. Ukiondoa Safaricom, benki kubwa na chache nyingine, hisa nyingi hazichangamkiwi. Umbo la chati linahitaji maelfu ya watu wakinunua na kuuza. Pale ambapo mtu mmoja anayetafuta karo anaweza kusukuma bei kwa kuuza hisa zake, mstari unaouona si hisia za soko. Ni shida za mtu mmoja.

Kisha kuna ada. Ukipitia dalali wa kawaida, unaweza kukatwa hadi karibu asilimia 2 ukinunua, na karibu hiyo tena ukiuza. Ukiingia na Sh10,000, karibu Sh400 zimeenda kabla hujaonja faida. Rudia mchezo huo mara kumi kwa mwaka uone kitakachobaki. Tena ukiuza leo, pesa zako zinakuja siku ya tatu ya kazi. Hii si bodaboda ya kuruka na kushuka.

Angalia Safaricom yenyewe. Mwaka wa 2008 iliuzwa kwa umma kwa Sh5, na baadaye sokoni ikashuka chini ya Sh3. Mwaka wa 2021 ikapita Sh40. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa ikizunguka Sh12 hadi Sh14. Katika safari hiyo ya kushuka, wachoraji waliona sakafu kila mahali, na kila sakafu ikavunjika. Sababu haikuwa kwenye chati. Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, wawekezaji wa kigeni wakaondoa pesa zao, dola ikaadimika Nairobi, na kampuni ikawa inamwaga mabilioni Ethiopia. Kufikia 2025 bei ilikuwa imepita Sh25 tena.

Au chukua Kenya Airways. Julai 2020 hisa zake zilisimamishwa kuuzwa, zikarudi sokoni Januari 2025. Miaka minne na nusu hakuna mshumaa hata mmoja. Ungechora nini hapo?

Hata kwenye masoko makubwa, pupa inaumiza. Wasomi Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za familia zaidi ya 60,000 za Marekani kati ya 1991 na 1996. Waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Waliotulia waliwashinda waliokimbizana na bei.

Ninachoogopa si chati. Ninaogopa mwanafunzi wa Lower Kabete anayeingiza pesa za HELB, au msee anayekopa kwa simu ili awahi "umbo" kabla Jumatatu. Pesa yenye tarehe ya kurudishwa haiwezi kungoja soko, na soko halina haraka na wewe.

Kwa hivyo fanya hivi. Fungua akaunti ya CDS na uanze kidogo: tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, si lazima 100. Soma ripoti ya mwaka ya kampuni, ujue inapata wapi pesa na inadaiwa kiasi gani. Uliza kuhusu gawio. Safaricom ililipa Sh1.20 kwa kila hisa katika mwaka wa fedha wa 2023, wa 2024 na wa 2025, bei iwe juu au chini. Na kabla hujamtumia mtu yeyote pesa akutredie, angalia kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Chati itumie kujua bei ilikotoka. Inakokwenda, huyo wa TikTok hajui zaidi yako. Anachojua kwa uhakika ni bei ya kozi yake.