Wagonjwa wachache, kontena moja

Mfanyabiashara mdogo wa Namanga au Busia anayeagiza mali Guangzhou hakodi kontena zima. Huchangia na wenzake, wakagawana nauli. Hesabu hiyo inawafaa pia watoto wa Afrika Mashariki wenye magonjwa adimu ya kurithi, ambao katika nchi moja moja ni wachache mno kupata daktari bingwa, maabara wala dawa.

Yapo magonjwa ya lisosomu, yaani visehemu vya seli vinavyovunjavunja taka. Mara nyingi baba na mama ni wazima, ila kila mmoja amebeba jeni yenye kasoro. Mtoto akizipata zote mbili hukosa kimeng'enya fulani, na taka hurundikana mwilini kama mizigo isiyokombolewa bandarini. Katika ugonjwa wa Gaucher, bandama na ini huvimba, damu hupungua, mifupa huuma. Kwa dalili hizo, katika ukanda wenye malaria na selimundu, mzazi anaweza kuzunguka hospitali miaka mingi, na waganga pia, bila kuambiwa jina la ugonjwa.

Wala si kwamba tiba haipo. Marekani iliidhinisha kimeng'enya cha kutibu Gaucher mwaka 1991. Wakati huo kilitolewa kwenye kondo la nyuma la wazazi. Siku hizi hutengenezwa kwa seli za maabara na hutiwa mshipani kila wiki mbili, maisha yote. Tatizo ni kwamba hakifiki ubongoni, na magonjwa mengi ya kundi hili huharibu ubongo.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia jeni. Katika ugonjwa mmoja unaoharibu ubongo na neva, seli za uboho wa mtoto hutolewa, zikatiwa jeni nzima, kisha akarudishiwa. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo Desemba 2020, Marekani Machi 2024, kwa bei ya dola milioni 4.25 kwa mtoto mmoja. Bei hiyo haishikiki. Lakini hata ingeshuka, tiba hii humfaa zaidi mtoto aliyegunduliwa kabla dalili hazijaanza au zikiwa changa. Wakubwa wanaobishana juu ya bei waanze na upimaji.

Upimaji hauhitaji kila nchi ijenge maabara yake. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu husafiri ndani ya bahasha. Maabara moja inaweza kuhudumia nchi zote nane za Jumuiya, ikatunza na daftari moja la wagonjwa. Watafiti hupeleka majaribio yao mahali wagonjwa wanapojulikana, na mwenye kuagiza kwa ajili ya nchi nane ana nguvu ya kujadili bei.

Daftari hilo lingewakinga wazazi na matapeli pia. Mzazi anayeombwa fedha ili mwanawe aingizwe kwenye jaribio la tiba ana kila sababu ya kushuku.

Usajili wa dawa Jumuiya ilianza kuuoanisha mwaka 2012. Sasa mawaziri wa afya wakae na wenzao wa forodha. Vimeng'enya hivi hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Haviwezi kulala mpakani ndani ya lori vikisubiri muhuri.