Makuta ya picha za IA yanatoka wapi?



Juma hili ninajibu swali la kundi moja la likelemba la Katuba. Kuna kijana anayepita katika makundi ya wamama, anaahidi kuwafundisha kutengeneza picha kwa IA, ile akili bandia ya mashine ambayo watoto wetu wanaitaja kila siku, na kuziuza Ulaya na Marekani kwa dola. Kwa mafundisho hayo anaomba dola 20 kwa kila mama. Kundi lina wamama 14. Wamefikiri kutoa zamu moja ya likelemba ili wote waingie pamoja, na wanauliza: kazi hiyo ni ya kweli ao ni uongo?

Kazi ya picha ni ya kweli. Lakini makuta yake hayako kule anakoonyesha kijana, na dola 280 za likelemba zisitoke.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hapa nitaita «foto» ile iliyopigwa kwa telefone ao kamera mbele ya mtu aliyekuwapo kweli. Nitaita «picha» ile inayotengenezwa na mashine. Unaandika maneno, kwa mfano «mama anauza nyanya sokoni asubuhi», na baada ya muda kidogo telefone inakuletea mama ambaye hajazaliwa, anayeuza nyanya ambazo hakuna mtu alizilima. Ndiyo kazi yenyewe. ChatGPT, Gemini na Bing Image Creator ya Microsoft zinakuacha utengeneze picha kadhaa bila kulipa. Unafungua konti na unatumia mega zako tu. Mtu anayekuuzia «ufunguo wa siri» wa mambo hayo anakuuzia maji ya mvua wakati ndoo yako iko nje.

Sasa hilo soko la mbali. Lipo. Adobe Stock, duka la picha la kampuni ya Marekani, ilikubali picha za IA tangu mwaka 2022, kwa sharti muuzaji aseme wazi kwamba ni za IA, na asionyeshe sura ya mtu wa kweli bila ruhusa yake. Getty Images, duka lingine kubwa, mwaka uleule ilizikataa. Pale Adobe mwenye picha anapata asilimia 33 ya bei, na kwa wanunuzi wanaolipa kila mwezi sehemu hiyo mara nyingi ni senti tu.

Tuhesabu kama tunavyohesabu sokoni. Tuseme kila mara picha inaponunuliwa wewe unapata senti 33. Adobe haikutolei makuta kabla hujafikisha dola 25. Basi picha zako lazima zinunuliwe mara 76 kabla hujashika chochote. Na unashindana na watu wa dunia nzima wenye mashine ileile, ambao wengi wao umeme wao haukatiki saa kumi na mbili jioni. Hata ukifika, makuta hayaji kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Yanapita PayPal ao njia za namna hiyo, na unapaswa kuwa na konti inayokubaliwa kupokea.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana ni moja: «Makuta yako ya mwisho yalikufikia kwa njia gani? Tuonyeshe kwenye telefone.» Akianza kueleza habari za rafiki yake aliye Dubai, mmemaliza kikao. Na kama siku moja mtu anakuambia dola zako zimeshafika, ila utoe kwanza dola 10 ili zifunguliwe, huyo si mwalimu tena. Mtu anayekulipa hakuombi makuta.

Mji wetu wa Lubumbashi unajua biashara ya picha kuliko tunavyofikiri. Wazee wanakumbuka wachoraji wa miaka ya 1970 na turubai zao: Mamba Muntu mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, ao Colonie belge, askari na mfungwa anayechapwa. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wao, leo kazi zake ziko katika makumbusho ya Amsterdam. Lakini yeye na wenzake walikula kwanza kwa sababu familia za hapa zilitaka kitu cha kutundika salon, kitu kinachosema habari zao. Mnunuzi alikuwa jirani. Kwa picha za IA ni vilevile: mtu wa mbali anaweza kujitengenezea yake bure, lakini jirani yako asiye na muda, asiye na mega, ao asiyejua aandike nini, huyo anakuhitaji.

Anahitaji nini? Chukua mama anayetengeneza sabuni ya maji, siagi ya karanga ao unga wa uji wa watoto. Bidhaa ni nzuri, chupa haina jina. Unamtengenezea picha ndogo ya karanga ao ya matone ya maji, unaandika jina na namba ya telefone, unachapisha kwenye karatasi ya kubandika pale sekretariati wanapofanya fotokopi. Maneno usiyaache mashine iyachore ndani ya picha, maana inaweza kuharibu herufi, na kwa lugha zetu zaidi: «sabuni» inaweza kutoka «sabnui». Omba picha bila maneno, halafu andika maneno yako katika programu kama Canva. Karatasi moja ya A4 inaweza kutoa etiketi 12. Ugawe bei ya kuchapisha kwa 12, uongeze kazi yako, umwambie mteja bei ya etiketi moja iliyo tayari kubandikwa. Usimuuzie picha. Picha ataiona ni kitu cha bure, na hakosei.

Lakini etiketi isiseme uongo. Kama hakuna asali ndani ya sabuni, usichore nyuki. Na etiketi nzuri haichukui nafasi ya kazi ya OCC. Mama anayetaka kuuza unga wa watoto katika maduka aende kule kwanza.

Wamama washonaji, ninyi mnajua tayari shida ya picha hizi, maana wateja wanawaletea: robe ya kitenge yenye mikono isiyo na mshono, maua ya kitambaa yanayopinda pahali kitambaa hakipindi. Kuzitumia kumwonyesha mteja wazo ni vizuri, inawapunguzia maneno mengi. Lakini chini ya picha muandike «wazo», na pembeni muweke foto ya nguo mliyoshona kweli kwa mikono yenu. Mshonaji anayetundika picha za mashine kana kwamba ni kazi yake atapokea avansi, halafu atapokea kelele.

Pahali ninapoona kazi nyingi zaidi ni shuleni, na hapa ninasema kama mwalimu. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha zetu za kitaifa zitumike kufundishia, na katika madarasa ya kwanza mtoto anaanza kusoma kwa Kiswahili. Lakini vitabu havitoshi, na tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa. Mwalimu anachora ubaoni kwa chaki, mbuzi wake anafanana na mbwa, darasa linacheka, saa inapita. Shule za watoto wadogo za watu binafsi, madarasa ya kanisa ya siku ya Mungu, hata wazazi wenyewe, wanaweza kununua karatasi za picha za kufundishia ao za kupaka rangi.

Hapo kuna mambo matatu ya kuangalia, na ni mwanamke wa hapa anayeyaweza kuliko kijana wa mbali. Uombe mchoro wa mistari myeusi juu ya nyeupe, bila kivuli. Rangi inakula makuta kwenye kuchapisha, lakini mistari inapita kwenye fotokopi ya kawaida, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeweka rangi. Halafu ueleze vitu vyetu kwa maneno mengi. Ukiandika tu «mama anapika», mashine inachora jikoni la Ulaya. Andika: sufuria nyeusi juu ya mbabula ya makala, mama amekaa kwenye kiti kifupi, amefunga kitenge, anasonga bukari kwa mwiko mrefu wa mti, nyuma yake kuna ukuta wa matofali mekundu. Inaweza kuchukua majaribio matano ao sita kabla ya mbabula kuwa mbabula. Hiyo ndiyo kazi utakayolipwa, kwa sababu wewe unajua mbabula na mashine inakisia tu. Na mwisho uhesabu. Uhesabu vidole, uhesabu miguu. Kama karatasi ni ya kufundisha tano, na umeomba mbuzi watano, mashine inaweza kukuchorea saba bila haya yoyote. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaamini karatasi kuliko anavyomwamini mwalimu.

Kuna kazi nyingine ambayo watu wanaiomba sana, na inanifanya niandike polepole. Ni foto za zamani: foto ya marehemu baba iliyoliwa na unyevu, imepasuka katikati, na familia inataka irudishwe kwa ajili ya matanga ao kumbukumbu ya mwaka. Wengine wanaomba zaidi. Wanataka nyanya aliyekufa zamani aonekane ameshika mjukuu aliyezaliwa mwaka jana.

Mjue kwamba mashine haisafishi foto. Inachora upya kwa kukisia. Pale karatasi ilipopasuka haijui kulikuwa na nini, inaweka kitu kinachofanana. Kovu la marehemu linaweza kupotea, meno yakanyooka, ngozi ikawa nyeupe kuliko alivyokuwa. Watoto waliobaki wadogo hawatajua tofauti, watakua na sura ya mtu mwingine moyoni wakimwita baba. Kwa hiyo, ukikubali kazi hiyo, usichapishe kabla picha haijaonyeshwa kwa mzee aliyemjua marehemu vizuri, dada yake ao mjane wake. Akisema «huyu siye», rudi nyuma, hata kama kijana anayelipa anaona imependeza. Foto yenyewe uipige kwa telefone penye mwanga wa mchana, mbele ya wenyewe, uwarudishie palepale, usiende nayo. Nyuma ya karatasi uandike kwa kalamu: «Imetengenezwa na mashine», na mwaka. Yule mjukuu, siku moja atageuza karatasi na kutaka kujua kama nyanya alimshika kweli.

Kazi za kukataa ni chache, na zikatae hata kama kuna njaa. Usipeleke ndani ya mashine hizi sura za watoto wa jirani ao za wanafunzi kwa sababu umeona foto yao kwenye telefone. Mtoto ana mzazi, na mzazi anaulizwa. Usimtengenezee mtu picha ya mtoto mgonjwa ao ya wakimbizi wanaolia ili akaombe misaada nayo. Wakimbizi wa kweli tunao, na kila picha ya uongo inayogunduliwa inawanyima wao sahani. Na picha ya mwanasiasa, ya askari, ya maiti, ao ya nyumba inayoungua, hata kwa mchezo, acha. Nchi yetu haina nafasi ya mchezo huo.

Wengine wataniuliza kama jirani hawezi kuiba etiketi yao. Anaweza. Ofisi ya haki za watunzi ya Marekani ilisema mwaka 2023 kwamba picha iliyochorwa na mashine peke yake haina mtunzi wa kulindwa, na hapa kwetu usitegemee kwenda mahakamani kwa ajili ya karanga iliyochorwa. Jina lako na siagi iliyo ndani ya kopo ndivyo vitakavyomrudisha mteja.

Sasa, wamama wa Katuba. Likelemba iendelee na zamu zake kama mlivyopanga. Kati ya wamama 14 hakika kuna mmoja mwenye mtoto wa masomo ya sekondari anayejua kushika telefone kuliko sisi sote. Mumkalishe Jumamosi moja mchana, umeme ukiwapo, mchange mega, ajaribu na nyinyi mkiangalia. Mumletee kazi moja tu: etiketi ya yule mama wa kundi lenu anayeuza kitu tayari. Mwenye bidhaa alipie kuchapisha karatasi moja, isiwe kumi. Mbandike, mpeleke sokoni juma mbili, muone kama chupa yenye etiketi inatoka haraka kuliko isiyo nayo. Ikitoka, mama wa meza ya pili atakuja kuuliza nani aliifanya, na hapo mtakuwa na mteja wa kwanza. Mtoto apewe sehemu yake kwa mkono wake, msimwambie kwamba ni kazi ya nyumbani. Na yeye anunue kalamu.

Kama kijana wa dola 20 anarudi, mumkaribishe. Mumwambie afundishe kwanza, na atachukua dola zake katika makuta ya picha ya kwanza itakayouzwa Ulaya. Nitafurahi kusikia alijibu nini.