Pikipiki ya Leo, Sura ya Jana

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Juzi mpwa wangu alitaka kukiunda upya chombo chake, nusura akizamishe.

Alifika kwangu hapa Tarasaa jioni, akaegesha pikipiki chini ya mwembe.

“Shikamoo, mjomba. Nataka kuigeuza hii iwe ya kizamani.”

“Marahaba. Ya kizamani vipi, na mamako hajamaliza kulipa deni lake?”

Dada yangu aliuza maembe misimu miwili, kisha akakopa chamani, ili kijana apate kazi ya bodaboda.

Akanionyesha picha kwenye simu: taa ya duara, kiti kifupi cha mtu mmoja, madigadi yamekatwa, keria na kifuniko cha cheni havipo.

Mtindo huo, msomaji, una asili yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Uingereza walivua kila kizito pikipikini, wakashindana mbio baina ya mikahawa. Mmoja uliosifika ni Ace Cafe wa London. Siku hizi viwanda vyenyewe vinauza upya sura hizo. Triumph, kwa mfano, waliirudisha Bonneville yao ya mwaka wa 1959 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini wale wa London walikuwa na lami, na hawakubeba abiria wa kulipa.

“Ukikata kiti,” nikamwuliza, “mja mzito anayekimbizwa Ngao hospitalini usiku ataketi wapi? Na mvua ikinyesha, tope letu jeusi litazuiwa na nini?”

Akainamisha kichwa. Halafu akasema polepole, “Mjomba, nataka tu ifanane na ile ya baba.”

Hapo nikanyamaza. Marehemu shemeji yangu alikuwa na Honda CG125 nyekundu. Kijana alikuwa mdogo mno alipofiwa. Anachokumbuka ni ile rangi na mlio.

Nikamweleza ninachokumbuka mimi. Honda waliitoa CG125 mwaka wa 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, wakijua kuna vumbi na kwamba mwenyewe huenda akachelewa kubadilisha oili. Injini wakaifanya sahili, na cheni wakaifunika yote kwa bati. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoendesha leo zina injini zilizoigwa kutoka hiyo. Kiti cha babake kilikuwa kirefu. Ndicho kilichompeleka mamake kliniki. Ukale wetu sisi ulikuwa wa kufunika, si wa kuvua.

Tukakubaliana. Tanki likapakwa nyekundu, na rangi hiyo ikafuatwa kwenye usajili ili karatasi zisigombane na chombo. Taa ya duara ikawekwa baada ya kuhakikisha inamulika vyema. Kiti kirefu kikashonewa ngozi mpya. Madigadi, vioo, keria na kifuniko cha cheni havikuguswa.

Mzazi mwenzangu, kijana wako akija na wazo la namna hii, usianze kwa kukemea. Mwulize kwanza anamtafuta nani.

Jumapili iliyopita dada yangu alipandishwa pikipiki hiyo kwenda kanisani. Aligusa tanki, akalitazama kwa muda, kisha akaketi upande kama alivyozoea zamani.